Kwa Nini Dawa Zikae Ghalani Wakati Zahanati Haina?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia redioni kwamba serikali hutakiwa kuweka akiba ya dawa na vifaa tiba kwa ajili ya milipuko ya magonjwa. Katika zahanati ya kijijini kwetu huandikiwa dawa tukaambiwa tukanunue dukani. Je, si afadhali akiba hiyo wapewe wagonjwa waliopo kuliko kuisubirisha hadi iishe muda?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Ndugu msomaji, dawa za kila siku huagizwa kwa makadirio ya wagonjwa wa kawaida, ilhali akiba ya dharura ni ya siku ambayo viwanda vimezidiwa na mataifa yanagombea shehena ileile, kama ilivyokuwa kwa barakoa mwaka 2020, ambapo hata mwenye fedha taslimu alikosa cha kununua. Ukiigawa leo, rafu ya zahanati yenu itajaa kwa muda mfupi tu, kwa sababu kinachoikausha ni bajeti na uagizaji.

Hofu yako ya dawa kuharibika ghalani, hata hivyo, ni ya kweli. Marekani, iliyoanzisha akiba yake ya taifa mwaka 1999, ilitoa mamilioni ya barakoa za N95 wakati wa mafua ya H1N1 mwaka 2009, kisha haikuzirudishia kwa kiwango kile. UVIKO-19 ilipoingia, baadhi ya zile zilizosalia zilikuwa zimepitwa na muda, na wahudumu wakatahadharishwa wakague mikanda yake kabla ya kuzivaa, kwani mpira uliokaa sandukuni miaka mingi hulegea au hukatika ukivutwa.

Finland, kwa maoni yangu, wamelitatua vizuri zaidi. Sheria yao huwataka waagizaji na watengenezaji wa dawa muhimu wahifadhi kiasi cha kutosha miezi 3, 6 au 10, kulingana na aina ya dawa, na akiba hiyo huzunguka ndani ya biashara yao: mzigo mpya ukiingia, wa zamani hutoka kwenda kwa wagonjwa ungali na muda. Ndivyo afanyavyo mfamasia makini anapovuta mbele boksi linalokaribia kuisha muda na kulipanga jipya nyuma yake. Njia hii haiwezekani kwa kila kitu, maana chanjo ya Ebola, kwa mfano, haina wateja wa kila siku. Lakini dripu, glovu na viuavijasumu vya akiba vingeweza kabisa kufika Kilosa miezi kadhaa kabla ya kuisha muda, mradi nafasi yake ghalani ijazwe kwanza.