Wembe wa kukunja: shida iko mkono wa pili

Maswali ya wiki hii karibu yote ni ya wembe wa kukunja, na naona wengi mnauogopa wembe bure, mkono uliobaki, ule wa kuvuta ngozi, ndo haujui kazi yake.

Wembe wangu mkali lakini shavuni unadundadunda na kuacha vindevu. Kwa nini?
Ngozi imelegea hiyo kaka. Inajikunja mbele ya makali, wembe unaruka au unakuchana. Ukinyoa kushuka vuta ngozi kwenda juu, yani kinyume na wembe unakoenda. Pitisha mkono juu ya kichwa, bana ngozi karibu na sikio, vuta, afu laza wembe nyuzi kama 30 hivi toka kwenye ngozi na usikandamize.

Vidole vinateleza kwenye povu.
Usipake povu pale unaposhika, futa vidole na taulo. Bado? Gusa jiwe la shabu lenye maji kidogo, vinanata hapohapo.

Taya na shingo ndo naumia, chini ya taya nina kishimo.
Hapo hata mimi nilijichana sana mwanzoni, nilikuwa naufuata mfupa na wembe, ujinga mtupu. Usiupeleke wembe kwenye kona, ilete ngozi: ya chini ya taya ivute ipande juu ya mfupa, inyoe ikiwa imetandazika. Kishimo nacho, geuza kichwa na vuta ngozi kuelekea kisogoni mpaka kijae. Kolomeo unaisogeza ngozi yake pembeni unanyoa huko.

Mdomo wa juu je?
Ukaze kwenye meno, inua ncha ya pua. Rahisi.

Ndevu zangu za kipilipili, nikivuta sana nang'aa kweli ila baada ya siku chache vipele.
Ni huko kuvuta sana. Nywele inakatwa ikiwa imechomoza, ukiachia ngozi ncha inazama ndani, na kwa vile imejikunja inatoboa ngozi badala ya kutoka kwenye tundu lake. Kaza mpaka ngozi iwe bapa tu, nyoa kufuata ndevu zinavyolala, usirudi kinyume. Utabaki na kivuli cha ndevu, mi nakipenda kuliko vipele. Vilivyokwishatoka, weka wembe chini kwa wiki kadhaa vitulie, vikitunga usaha muone daktari wa ngozi.