∫e^(x²)dx imekugomea? Uliza kwanza kama jibu lipo

Msomaji ameandika kwamba ∫e^(x²)dx imemshinda: amebadili herufi, ameigawa sehemu sehemu, wapi! Ushauri wangu: mbinu mbili tatu zikigoma, acha kubahatisha, uliza kama lipo jibu linaloandikika kwa fomula za kawaida (polinomia, vipeuo, e^x, logi, sin na kadhalika). Swali hilo lina hesabu yake, na hesabu yenyewe ni aljebra tu.

Chukua sehemu zote za polinomia, yaani polinomia ya x juu ya polinomia ya x. Zijumlishe, zitoe, zizidishe, zigawanye, tafuta derivati: unabaki humo humo. Sasa ongeza herufi t yenye sheria moja, t′ = 2xt. Hiyo ndiyo e^(x²). Limiti hakuna, grafu hakuna.

Katika miaka ya 1830 Mfaransa Joseph Liouville alionyesha kwamba jibu la fomula za kawaida, kama lipo, haliongezi kitu kipya ila logi zilizozidishwa kwa namba. Kwa swali letu hilo linalibana jibu liwe R·e^(x²), R ikiwa sehemu ya polinomia. Tafuta derivati, futa e^(x²) pande zote:

R′ + 2xR = 1

Hapa usikimbie. Asili ya R, yaani polinomia ya chini, ikiwa na (x−a)^m, ile ya R′ itakuwa na (x−a)^(m+1), na 2xR haina nguvu ya kuifuta. Kulia kuna 1 tupu, kwa hiyo R haina asili, ni polinomia. Digrii yake, yaani kipeo kikubwa cha x, ikiwa n, 2xR ina digrii n+1 na R′ haifiki huko. Kushoto basi hakushuki chini ya digrii 1, na R = 0 inatoa 0. Jibu la fomula za kawaida halipo. Kompyuta ikikuletea erfi(x), haijampinga Liouville. Imekipa jina tu kile kisichoandikika.

Badili swali liwe (2x²+1)e^(x²). Kulia sasa kuna 2x²+1, digrii ya R lazima iwe 1. Weka R = ax+b, unapata 2ax² + 2bx + a, basi a = 1 na b = 0. Jibu ni xe^(x²) + C.

Wengi huteleza wanapoongeza herufi. Ukiweka t kwa ln x na u kwa ln 2x, zote zina derivati 1/x, kwa hiyo u−t ni namba isiyobadilika iliyoingia kwa mlango wa nyuma, na hoja ya Liouville inavunjika. Andika ln 2x kama t + ln 2. Vivyo hivyo e^x na e^(2x): ya pili ni mraba wa ya kwanza, haihitaji herufi yake.

Kwa intigrali ya 1/(x²−2) usianze kuvunja asili. Tafuta z inayofanya 1−2xz (1 ni ya juu, 2x ni derivati ya asili) na x²−2 ziwe sifuri kwa x moja: x = 1/(2z), 1/(4z²) = 2, z = ±√2/4. Hizo ndizo namba za kuzidisha logi: (√2/4)ln(x−√2) − (√2/4)ln(x+√2). Njia hii hudai asili isiyo na kipande kilichojirudia. Kikiwemo, kipunguze kwanza kwa njia ya Hermite, inayoondoa vipande vilivyojirudia kwenye asili.

Mwanahisabati Mmarekani Robert Risch aliziunganisha hatua hizi kuwa utaratibu mmoja mwishoni mwa miaka ya 1960, lakini programu nyingi za kompyuta zimeuandika nusunusu, hasa penye vipeuo. Zikikurudishia alama ya intigrali ilivyo, usihesabu hiyo kuwa uthibitisho: andika mlinganyo wa R mwenyewe.