Mawe ya Shinkolobwe na umeme wa nyuklia: maswali yenu

Papa, nimeona kwenye telefone video ya mawe mawili ya Kongo: yakigusana, taa inawaka. Mawe ya Shinkolobwe hayawezi kutuwashia nyumba? (Kijana, Katuba)

Hapana, mwanangu. Mawe yenye metali hupitisha umeme uliotoka kwingine, kwa mfano betri iliyofichwa pembeni, hayauzalishi. Urani, metali yenye mionzi iliyomo kwenye mawe ya Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na Likasi, kweli hutoa joto yenyewe, ila tani nzima haifikishi hata wati moja. Umeme wa maana unataka kinu: atomu zipasuliwe, joto lichemshe maji, mvuke uzungushe mashine. Wamarekani waliwasha taa nne namna hiyo mwaka 1951. Kinu cha Kinshasa cha 1959 kilikuwa cha utafiti tu.

Wachina wana betri ya nyuklia ya miaka 50. Tutaipata lini? (Fundi wa telefone, Kamalondo)

Betri hiyo, BV100, iliyotangazwa na kampuni ya Betavolt Januari 2024, hutumia nikeli-63, aina ya nikeli yenye mionzi, na kutoa maikrowati 100. Panga elfu kumi ndipo upate wati moja. Inafaa vifaa vidogo vilivyo mahali pasipofikika. Vyombo vya anga vya Wamarekani vya Voyager, vilivyorushwa 1977, vimeishi angani kwa joto la plutoni-238, metali nyingine yenye mionzi, linalogeuzwa umeme. Simu yako, fundi, iache kwenye sola.

Taka za vinu haziwezi kutumika tena? (Mwanafunzi)

Zinaweza, kwa sehemu. Mafuta ya nyuklia yakitolewa kinuni bado ni urani karibu 95% na plutoni kama 1%. Wafaransa huzitenganisha kwenye kiwanda cha La Hague. Mabaki makali huyeyushwa pamoja na kioo na kufungiwa.

Mwanangu anachimba upande wa Likasi. Ameleta jiwe jeusi, zito, lenye unga wa njano, na kuna mtu anataka kulinunua. Tumeliweka chini ya kitanda. (Mama, Kampemba)

Mama, litoeni leo hii. Huenda ni urani. Jiwe la namna hiyo huachia gesi ya radoni, haina harufu wala rangi, na kuivuta kwa miaka huleta saratani ya mapafu. Vumbi lake nalo hatari. Msilipasue, msilioshe kwenye beseni la vyombo. Mtu mzima alitie kwenye mfuko, aliweke mbali na watoto na kisima, kisha anawe kwa sabuni. Mkuu wa mtaa awaite CNPRI, kamati ya taifa ya kinga dhidi ya mionzi.

Desemba 2001, katika nchi ya Georgia, wanaume watatu waliokwenda msituni kutafuta kuni waliokota vyuma viwili vya moto. Theluji ilikuwa imeyeyuka kuvizunguka. Vilikuwa na stronti-90, kitu chenye mionzi mikali, vimetoka kwenye mitambo ya umeme ya Wasovieti. Wakavilalia karibu wapate joto. Usiku uleule walianza kutapika, na mmoja alikufa baadaye. Jiwe lenu halina ukali huo hata kidogo, ila nataka mwanao ajue kwamba kitu kisichoonekana kinaweza kuua.

Tena Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, na Julai yake shimo likaporomokea wachimbaji, watu wakafa. Anayenunua mawe yake anavunja sheria. Mwambieni asirudi nyumbani kwenu.