Jibu: PSA ya mzee ni 6, kipimo cha mkojo cha eksosomu kinatosha?

Ndugu, umeuliza kama kipimo cha mkojo cha eksosomu kinaweza kumwepusha mzee wako, mwenye PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ya 6, kuchomwa sindano ya kutoa kinyama kwenye tezi dume. Kumwepusha, kinaweza. Kuthibitisha saratani ya tezi dume, hakiwezi.

Eksosomu ni vifuko vidogo mno, vya nanomita 30 hadi 150 hivi, ambavyo seli huvitoa nje vikiwa vimebeba protini na RNA zake (RNA ni nakala za maagizo ya jeni). Vinavyotoka kwenye tezi dume huingia kwenye mkojo, na utando wake huilinda RNA isiharibike haraka. Hilo ni jambo kubwa, kwa sababu PSA peke yake haitoshi kuonyesha saratani: hupanda hata tezi ikitanuka tu kwa umri au ikipata maambukizi.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni ExoDx cha Marekani. Kinasoma RNA za jeni tatu, PCA3, ERG na SPDEF, kwenye mkojo unaotoka mwanzo mtu anapoanza kukojoa, bila daktari kuingiza kidole kwanza kwenye njia ya haja kubwa kupapasa tezi. Kinawalenga wanaume wa miaka 50 na zaidi wenye PSA kati ya 2 na 10. Alama zikiwa chini ya 15.6, uwezekano wa saratani kali ni mdogo. Zikizidi, kinyama bado kitahitajika, ingawa wengi wanaozidi hawakutwi nayo.



Kama kipimo hiki hakipatikani mlipo, tafadhali msikisubiri. Mpelekeni mzee kwa daktari wa mfumo wa mkojo, arudie PSA, na picha ya MRI ya tezi ifanyike ikiwezekana kabla ya sindano.