Mji wa mtoni wasiooga mtoni

SWALI: Bibi Msafiri, shikamoo. Binti yangu ameposwa na kijana Mfaransa, na mwezi wa Juni nakwenda kwao kuonana na wakwe. Mji wao unaitwa Briare, uko kando ya mto Loire. Nilifurahi, maana mimi na mto ni ndugu. Lakini binti ananiambia familia nzima haiogi mtoni, haina mashua, na hata matembezi ya jioni hawaendi mtoni, wanakwenda "mferejini". Mji gani wa mtoni huo? Tena kijana anasema mama wa bibi yake alikuwa "mtu wa vifungo". Ni ukoo? Ni dini? Nisije nikaumbuka mezani.
Mama wa Bibi Harusi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera ya posa. Vifungo anavyosema ni vifungo vya shati. Usicheke, kwa pale huo ni ukoo kamili. Nitakufikisha huko, ila tuanze na mto.

Mimi nilikaa Briare siku nne. Nilishuka kwenye treni iliyotoka Paris, kituo cha Bercy, nikiwa na ndoto kama yako: kukaa ukingoni, miguu majini. Asubuhi ya kwanza nikamuuliza mama mwenye nyumba njia ya kwenda majini. Akanielekeza bandarini, katikati ya mji. Nikakuta boti nyeupe zimefungwa kwa mpangilio, bata wanazunguka, maji yametulia kama ya kwenye beseni. Nikarudi nikamwambia, hapana, mama, namtaka Loire mwenyewe. Akapandisha mabega: "Ah, yule." Akamtaja kama watu wanavyomtaja shemeji mlevi.

Nilipouona huo mto nikamwelewa. Loire ndio mto mrefu kuliko yote Ufaransa, una zaidi ya kilomita 1,000, na hautabiriki. Kiangazi unakonda hata mafungu ya mchanga yanatokeza katikati na ndege wanatembea kwa miguu pale ambapo zamani mashua zilikuwa zikikwama kungoja maji. Ukifurika haubishi hodi: 1846, 1856 na 1866, mara tatu ndani ya miaka ishirini, ulivunja matuta na kuingia majumbani. Na ule mchanga unaokuita ukaoge, usiuamini. Unahama, na pembeni yake maji yana mvuto usioonekana kwa juu. Wakwe zako si wavivu, wala hawaogopi maji. Wanamjua jirani yao.

Ndiyo maana mji huu umetumia miaka mia nne ukitafuta namna ya kuukwepa mto ulioko mlangoni mwake. Mwaka 1604, enzi za mfalme Henri IV na waziri wake Sully, walianza kuchimba mfereji kutoka Briare kwenda kaskazini, ili mizigo ya Loire ifike Paris kwa mto Seine. Mfalme akauawa mwaka 1610, kazi ikalala, mfereji ukafunguliwa mwaka 1642. Ulikuwa miongoni mwa mifereji ya kwanza Ulaya kupandisha mashua kilima na kuziteremsha upande wa pili, kutoka bonde la mto mmoja hadi la mto mwingine. Kule Rogny, kijiji kilicho kwenye mfereji huo, walijenga malango saba ya maji ya kupandishia na kuteremshia mashua, yanayofuatana kama ngazi. Yangali pale, ingawa mashua hazipiti tena. Kama mkwe ana gari, mwombe akupeleke; mimi nilikwenda kwa baiskeli na magoti yangu hayajanisamehe.

Sasa lilibaki tatizo moja. Upande wa pili wa Loire kulikuwa na mfereji mwingine, uliokamilika mwaka 1838, ukitoka kusini. Tishari, ile mashua bapa ya mizigo, likitaka kutoka mfereji mmoja kwenda wa pili lilipaswa kuukata mto wenyewe, karibu na Châtillon. Maji yakijaa, unachukuliwa. Yakipungua, unakaa. Suluhisho lao, mwanangu, ni la watu waliochoka kubembeleza: wakaunyanyua mfereji, wakaupitisha juu ya mto.

Hilo ndilo daraja utakalopelekwa jioni ya kwanza, na ndiyo maana ya "mferejini". Lina urefu wa mita 662 na lilifunguliwa mwaka 1896. Kwa zaidi ya miaka mia moja halikuwa na mpinzani wa urefu katika madaraja ya namna yake, hadi Wajerumani walipofungua la kwao Magdeburg mwaka 2003. Ni karai la chuma lililojaa maji, upana mita 6, na kila upande kuna njia ya miguu yenye taa za mtindo wa zamani. Nilisimama pale alfajiri. Tishari likapita ubavuni mwangu taratibu, na kwa kuwa upana wake ni mita 5 na ushei, lilibakiza nafasi isiyofika nusu mita kila upande. Nahodha alikuwa anakunywa kahawa. Chini yetu, mbali, korongo amesimama kwenye fungu la mchanga, na Loire inapita zake kama vile haituoni. Jambo lililonichekesha ni kwamba daraja halisikii uzito wa tishari hata kidogo: chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake, hivyo lipite lisipite, mzigo ni uleule.

Tahadhari moja. Mgeni yeyote husema "daraja la Eiffel", yule wa mnara wa Paris. Kampuni ya Eiffel ilijenga nguzo za mawe. Chuma kilifanywa na kampuni ya Daydé na Pillé, na mhandisi aliyelichora ni Mazoyer. Ukilisema hilo mezani, baba mkwe atakuongezea nyama.

Haya, vifungo. Mwaka 1851 alifika Briare bwana mmoja, Jean-Félix Bapterosses, akanunua kiwanda cha vyombo vya udongo. Waingereza walikuwa wamekwisha kuvumbua kifungo cha kaure cha kugandamizwa, ila walikigonga kimoja kimoja. Yeye akaunda mashine ya kugonga mia tano kwa mpigo. Na unga wake wa kaure, ili ushikamane, aliuchanganya na maziwa! Kiwanda cha vifungo kikawa na haja ya ng'ombe. Vikishatoka tanuruni vilipelekwa majumbani, ambako wanawake na watoto, mjini na vijijini, walivishona kwenye kadi za kuuzia, safu kwa safu, usiku kwa mwanga wa taa. Mama wa bibi yake huyo kijana, nadhani, alikuwa mmoja wao. Ukiuliza habari zake, uliza kwa heshima. Ni kazi iliyolisha nyumba nyingi na kuchosha macho mengi.

Kutoka vifungo kiwanda kikaingia kwenye vigae vidogo vya mosaiki, vinavyotengenezwa hadi leo. Waombe wakupeleke kanisa la Saint-Étienne, lililojengwa miaka ya 1890. Mosaiki zake zilichorwa na msanii Eugène Grasset. Mimi dini yangu nyingine, lakini niliinama muda mrefu kutazama sakafu: mawimbi ya mto, yamepindapinda kutoka mlangoni kwenda mbele. Loire, imelazwa kwa vigae, imetulizwa. Nje hawaigusi, ndani wanaikanyaga kila Jumapili.

Adabu ndogondogo: sema "bonjour" kabla ya neno lolote, hata dukani, la sivyo utahesabiwa huna malezi. Kati ya saa sita na saa nane mchana usitafute duka, wanakula. Jumatatu mengi hayafungui kabisa.

Na siku ukiwa peke yako, ingia makumbusho ya mosaiki na vigae. Kiwanda hichohicho kilitengeneza pia ushanga, kwa mashine ya ukoo mmoja na ya vifungo, na mwingi uliuzwa Afrika. Ukiruhusiwa kuushika, pitisha kidole: una mkanda mwembamba kiunoni, ncha moja laini, nyingine imekwaruzakwaruza. Mimi nilikuwa nimeuvaa ushanga wa namna hiyo tangu utotoni, urithi wa nyanya, nikidhani ni wa kwetu. Nilisimama mbele ya kabati la kioo mkono shingoni, mlinzi akaja kuniuliza kama najisikia vibaya.