Bamba la friza ya samaki

Swali: Assalamu alaikum fundi. Niko Mkoani, Pemba, nanunua samaki kwa wavuvi. Seremala ananitengenezea sanduku la friza la lita 200. Ndani ni sentimita 100 kwa 50 kwa 40, kuta zina povu gumu la poliyurethani, unene sentimita 10. Fundi friji anasema bamba moja la kupozea, sentimita 60 kwa 40, linatosha lita hizo. Nataka kugandisha kilo 20 kwa siku. Ni kweli?

Jibu: Waalaikumu salaam, dada. Linatosha, ila kwa friza tupu.

Lita hazisemi kitu. Pima joto linaloingia. Wakati wa kaskazi, nje nyuzi 32 na ndani -18, kuta zako zitapitisha kama wati 38. Bamba lililo katika hewa iliyotulia hunyonya takriban wati 8 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Likiwa -28, nyuzi 10 chini ya hewa ya ndani, pande zake mbili (mita za mraba 0.48) zinanyonya wati 38 hizo hizo. Na samaki hujamtia hata mmoja!

Samaki ndiye mzigo. Kilo moja ikitoka nyuzi 28 hadi -18 unaiondolea kilojuli 385 hivi, nyingi zikiwa za kuganda maji yake, si za kupoa. Kilo 20 kwa saa 24 ni wati 90. Tia 15 za kufunguafungua kifuniko, inakuwa 143. Kompresa nayo ipumzike: ikifanya kazi saa 16 kwa siku, inabidi itoe wati 215. Hapo unataka uso wa mita za mraba 2.7, yaani mabamba ya 1.35 yanayonyonya pande zote mbili. Kuta zako nne kwa jumla ni 1.2.

Mimi ningezungusha mabamba kuta zote nne, yakae sentimita 2 au 3 mbali na ukuta (ukilibandika, upande mmoja umeupoteza), na jingine liwe rafu katikati. Samaki aliyelazwa juu ya bamba huganda upesi kuliko anayengojea hewa. Tena mlaze kwenye barafu kwanza. Akiingia na nyuzi 0, robo ya mzigo wake imeshaondoka.

Kompresa, mwambie fundi asome uwezo wake kwenye nyuzi -28. Ule ulioandikwa kwa -10 ni mkubwa zaidi, na huo ndio wauzaji wanaopenda kuutaja.