Ukungu nyuma ya kabati kila masika

Dada, kabla hujanunua rangi ya mara ya tatu, jua kwanza maji yanatoka wapi. Umesema ukungu unaota nyuma ya kabati tu, tena kila masika. Bandika kipande cha nailoni ukutani, selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Kikilowa upande wa ukutani, unyevu umo kwenye ukuta: bomba linavuja au maji yanapanda toka msingini. Hapo ita fundi, rangi itabanduka tu. Kikilowa upande wa chumbani, ni mvuke wenu wenyewe: kupika, kuoga, na nguo mbichi mnazoanika ndani.

Mimi nashuku hili la pili, maana kabati limegandana na ukuta, hewa haipiti. Langu hapa Tanga lilikuwa hivyohivyo. Viatu viliota manyoya ya kijani, mkanda wa mume wangu ukawa kama umemwagiwa unga! Nikalivuta kiganja kizima toka ukutani, nikaliinua kwa vipande vya mbao, na mvua ikikatika tu nafungua madirisha yanayotazamana. Nguo zinakauka barazani, hata zikichukua siku tatu.

Ukungu uliopo ufute kwa maji ya sabuni, umejifunga pua na mdomo, na ukuta ukauke kabisa ndipo upake rangi. Ukitumia jiki, usiichanganye na siki wala dawa ya choo, gesi yake ni sumu.